Kuweka MGB Malindi: chumvi, joto na spana za inchi

Kisiwani Lamu suala hili halina mwenyewe. Punda hana kabureta. Malindi ni tofauti. Chini ya banda la makuti kule Casuarina unaweza kukuta gari dogo la Kiingereza lenye viti viwili, matairi yamelala, hudi (paa la kitambaa) imeliwa na panya, na mwenyewe anatafuta mnunuzi kwa bei isiyotisha. Mwongozo huu ni wa huyo mnunuzi.

Gari lenyewe tunalolizungumzia ni MGB. Ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya 500,000 zilitoka kiwandani. Kwa wingi huo, karibu kila kipuri chake kinatengenezwa hadi leo, hata bodi nzima ya chuma unaweza kuagiza mpya. Injini ni ya silinda nne, cc 1,798, na fundi aliyekulia kwenye Datsun za kabureta ataielewa kabla chai haijapoa. Kwa mtu wa pwani, hizo ni sababu tosha za kuipendelea kuliko Triumph au Austin-Healey, hata kama hizo ni nzuri zaidi kwa macho.

Kinachoiua MGB huku si injini. Ni chumvi, kisha joto, kisha nyaya zilizoota ukungu wa kijani. Injini hufuata nyuma, mara nyingi kwa sababu mtu alipuuza moja ya hayo matatu.

Kabla ya kulipa

Anza na karatasi. Kiwango cha Kenya cha magari yaliyotumika, KS 1515, kinataka gari linaloingizwa liwe halijazidi miaka 8 na usukani uwe kulia. Kwa hiyo anayekuahidi MGB ya 1972 kutoka Milano, kwa njia ya kawaida, anakuuzia maneno. Tafuta ambayo tayari ina namba ya Kenya. Linganisha namba ya chasi iliyo kwenye logibuku na ile iliyogongwa kwenye kibati ndani ya boneti, tarakimu kwa tarakimu, kisha ihakikishe kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen.

Kama gari lilianza maisha yake Ulaya bara, si Uingereza, angalia taa. Kule wanaendesha kulia, na taa zao zikiinamishwa huinua mwanga upande wa kulia. Kwenye barabara yetu huo ndio upande anakotokea dereva wa basi la Mombasa, nawe utakuwa unampofusha usiku kucha. Taa za MGB ni duara za inchi 7. Nunua jozi ya kuendeshea kushoto, kazi ya nusu saa. Plasta nyeusi juu ya kioo ni dawa ya mtalii wa wiki mbili.

Sasa lala chini. MGB haina chasi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chasi. Kwenye ile isiyo na paa la chuma, nguvu yote imewekwa katika vizingiti vilivyo chini ya milango, na kila kizingiti kina chuma cha tabaka tatu: cha nje, cha katikati na cha ndani. Muuzaji mjanja hubadilisha cha nje tu na kupaka rangi. Kumjua ni rahisi:

Fungua mlango na uufunge, usikilize unavyoingia. Tia jeki chini ya sehemu ya kuinulia iliyo katikati ya kizingiti, inua hadi gurudumu la nyuma lianze kuachana na ardhi, kisha fungua tena mlango huohuo. Ukikwama, au nafasi kati ya mlango na bodi ikajifinya juu, gari linajikunja katikati kama mkeka. Jeki ikizama ndani ya chuma kwa mlio wa biskuti, huna haja ya kuendelea. Chukua pia sumaku ya spika kuukuu, ifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze, na ipitishe chini ya milango na nyuma ya magurudumu ya mbele. Isiposhika, hapo pana puti, si chuma.

Angalia mahali pengine patatu. Nyuma ya viti, chini ya zulia, kuna kifuniko cha betri. Magari ya hadi 1974 yana visanduku viwili huko, na chini yake barabara huonekana mara nyingi kuliko inavyopasa. Ndani ya madigadi ya mbele, juu kabisa, pana rafu inayokusanya mchanga na kuoza kutoka ndani. Na tanki la petroli: juu yake limebanwa na sakafu ya buti, mchanga mbichi hukaa katikati, na kutu hutoboa tanki kwa juu. Dalili yake ni harufu ya petroli kila ukijaza hadi shingoni, lakini si ukijaza nusu.

Kizingiti kilichooza hurekebishika, ila mwambie mchomeleaji kwa lugha isiyo na utata: kabla hajakata chochote, achomelee fito ya chuma ya muda kutoka mbele hadi nyuma ya uwazi wa mlango. Akikata bila hiyo, gari litalegea milimita kadhaa, na milango haitafunga tena maisha yake yote. Tenganisha betri na altaneta kabla ya kuchomelea.

Spana zisizofanana

Boksi la spana la gereji yoyote ya Malindi ni la milimita, kwa kuwa Probox na tuktuk ni za milimita. MGB ni ya inchi. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, spana ya 13 itaingia, itacheza kidogo, na ikikazwa kwa nguvu itakula pembe za nati. Nati ya duara chini ya gari lenye kutu ni siku nzima ya kazi. Nunua seti ya inchi kuanzia 3/8 hadi 15/16, na soketi ya plagi ya 13/16. Spana ya 19 pekee ndiyo unayoweza kuitumia bila dhambi, kwa sababu robo tatu ya inchi ni milimita 19.05.

Nyuzi za bolti nazo ni zake, UNF, yaani nyuzi nyembamba za kipimo cha inchi. Bolti ya M8, ya milimita 8, itaingia mizunguko miwili kwenye tundu la 5/16, kisha itakaza. Atakayelazimisha atatoka na nyuzi za tundu zikiwa zimening'inia kwenye bolti. Ukimpelekea fundi gari, mpelekee na boksi lako. Hatakasirika.

Chumvi

Wakati wa kusi upepo hupiga kutoka baharini, na rasharasha ya chumvi hufika mbali kuliko unavyodhani. Huioni, ila paka kidole kwenye kioo cha gari asubuhi kisha ulambe. Hicho ndicho kinachokaa kila mahali chini ya gari. Kikiwa kikavu hakina madhara makubwa. Unyevu wa usiku ndio unaokiamsha.

Osha chini ya gari kila wiki, si juu tu. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho. Maji ya kisima cha mjini mara nyingi yana munyu, na kuoshea chumvi kwa maji ya munyu ni kazi ya bure. Elekeza mpira ndani ya madigadi manne, kando ya tanki, na kwenye visanduku vya betri. Usitumie mashine ya kusukuma kwa nguvu karibu na kingpini (pini ambazo magurudumu ya mbele hupindia) na propela shafti, maana itafukuza grisi na kuingiza maji mahali pake.

Chini ya kila mlango na chini ya vizingiti kuna matundu madogo ya kutoa maji. Rangi, mchanga na majani ya mvinje huyaziba. Yazibue kwa spoku ya baiskeli kila mwezi. Ukizibua na kikombe kizima cha maji ya kahawia kikamwagika, umejua kwa nini milango huoza kuanzia chini.

Gari likishakauka kabisa, siku mbili tatu za jua, nyunyizia nta ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti kupitia matundu hayo. Kopo lenye mrija mrefu ndilo linalofaa, na kopo moja la mililita 500 hutosha kizingiti kimoja na mlango wake. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Oili chafu iliyochanganywa na dizeli, ambayo gereji nyingi hupulizia chini ya magari, huzuia kutu kweli, lakini huvimbisha bushi za mpira, hudondoka sakafuni na hunasa mchanga. Na sifa, yale mafuta ya papa, iachie jahazi. Ndani ya gari la viti viwili lililokaa juani, hakuna atakayekubali kupanda nawe mara ya pili.

Banda la makuti ni bora kuliko gereji ya mawe iliyofungwa: upepo hupita na gari hukauka. Ubaya wake ni vumbi la makuti linaloshuka kila siku, kwa hiyo funika gari kwa nguo nyepesi ya marekani inayopumua. Usifunike kwa nailoni wala turubai la plastiki. Gari litatoa jasho usiku, na asubuhi utafunua kitu kilichokuwa kikichemshwa kwa mvuke wa chumvi. Hudi ikilowa mvua, iache imesimama hadi ikauke. Ukiikunja mbichi itaota koga ndani ya siku chache.

Kwa upande wa grisi, kila kilomita 5,000 piga kingpini za mbele: nipeli tatu kila upande. Jeki gari kwanza ili uzito utoke kwenye kingpini, la sivyo grisi haitafika upande unaobeba. Endelea kupiga hadi grisi safi itokeze. Nipeli isiyopokea iondoe na uweke mpya; usijiambie kwamba zile mbili zilizobaki zitatosha, kwani ndivyo kingpini zinavyokufa.

Joto

MGB iliyo nzima haichemki Malindi. Ikichemka, kuna kitu kimeharibika, na kukitafuta ni rahisi kuliko kununua feni ya pili.

Mfumo wa maji ya kupoza unachukua lita tano na nusu hivi. Usitie maji ya kisima hata siku moja: chokaa na munyu hujenga gamba ndani ya mirija ya rejeta na huanza kula silinda hedi. Tia maji yaliyosafishwa ya dukani, ila soma lebo vizuri, maana kopo linaloitwa "maji ya betri" linaweza kuwa asidi. Changanya na kulanti ya gilikoli, theluthi moja kulanti na theluthi mbili maji. Huku hatuogopi barafu; kazi ya kulanti ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka.

Kifuniko cha rejeta cha psi 10 hufanya maji yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Mpira wake ukikauka, utapoteza hizo nyuzi 15, na gari litachemka kwenye msongamano ingawa rejeta ni safi. Anza na kifuniko kwa sababu ndicho cha bei nafuu kuliko vyote.

Themostati iwe ya nyuzi 74 badala ya 82 ya kawaida. Usikubali iondolewe. Fundi wengi pwani huitoa kama jambo la kwanza, na mwenye gari huona mshale umeshuka na kufurahi. Lakini rejeta iliyoziba bado imeziba, na kwenye barabara wazi injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi mno: oili haipati moto wa kutosha kutoa unyevu, petroli huosha kuta za silinda, ringi huisha mapema.

Kusafisha mfumo, fuata hivi, injini ikiwa baridi kabisa:

1. Fungua kifuniko cha rejeta, kisha koki ya bloku iliyo upande wa kulia wa injini, nyuma. Isipotoa kitu, si kwamba hakuna maji, tope limeziba. Chokoa kwa waya hadi yatoke.
2. Tenganisha hosi ya chini, toa themostati, elekeza mpira wa maji kwenye rejeta kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mtiririko wake wa kawaida. Endelea hadi yatoke meupe.
3. Fanya vivyo hivyo kwenye bloku. Tope hulala nyuma, karibu na silinda ya nne, na ndiyo inayoungua kwanza.
4. Rudisha themostati na gasketi mpya. Finya hosi zote kwa vidole. Iliyo laini kama ndizi mbivu au inayotoa mlio wa kupasuka, badilisha.
5. Jaza polepole, washa injini kifuniko kikiwa wazi na hita ikiwa imefunguliwa, subiri hadi hosi ya juu ipate moto ghafla, ongeza maji yaliyopungua, funga.

Baadaye, gari likiwa limetembea na kuzimwa, pitisha kiganja mbele ya rejeta bila kuigusa. Eneo lililo baridi katikati ya moto ni mirija iliyoziba. Mpelekee fundi wa rejeta aifungue vichwa na kupitisha fimbo. Dawa za kumimina hazitoshi. Magari ya kabla ya miaka ya mwisho yana feni inayozungushwa na mkanda, hivyo kagua mkanda: ukiubonyeza katikati ya sehemu ndefu, uingie kama sentimita moja na nusu.

Kuna joto jingine, la baada ya kuzima. Kabureta zimekaa juu ya ekzosi, na ukisimama Kilifi dakika 15 ununue korosho, petroli iliyo kwenye bakuli zake itakuwa imeanza kuchemka. Gari litawaka, litasuasua mita mia mbili tatu, kisha litatulia. Si ugonjwa. Fungua boneti kila unaposimama. Hakikisha tu kwamba ile ngao ya bati kati ya kabureta na ekzosi ipo, pamoja na vipande vyeusi vya kuzuia joto nyuma ya kabureta. Ngao hiyo hupotea mikononi mwa fundi kwa sababu inamzuia kufikia nati.

Oili ya injini ni 20W-50, lita nne na robo pamoja na filta, kila kilomita 5,000. Oili nyembamba za magari ya kisasa haziifai injini hii. Na hapa ndipo gereji hukosea zaidi: gia boksi ya MGB hutumia oili hiyohiyo ya injini, 20W-50. Ukitia oili ya gia ya EP90, overdraivu, ile gia ya ziada ya kupunguza mizunguko, itaanza kuteleza na gia zitakuwa nzito kuingia. EP90 ni ya difu peke yake. Andika kwa rangi kwenye boksi la spana ikibidi.

Kenya iliacha petroli yenye risasi 2006. Risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi, ambavyo kwenye hedi ya asili ni chuma cha hedi yenyewe. Bila risasi, kwenye mwendo mkali, valvu huchimba kiti na kuzama, na nafasi ya tapeti, ule uwazi mdogo juu ya valvu, hupungua. Kwa hiyo pima tapeti kila kilomita 5,000 na uandike. Nafasi ni milimita 0.38, injini baridi. Tumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 6 ikiwa wazi, rekebisha ya 3, jumla ni 9 daima. Valvu ya ekzosi inayokaza kila unapopima inakuomba hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine iwekewe viti vigumu. Ukirudisha hedi, kaza nati kwa zamu kuanzia katikati kwenda nje, futi-pauni 45 hadi 50.

Umeme

Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya gari hili, amebeba lawama nyingi zisizo zake. Nyaya zake zina rangi zenye maana: kahawia ni umeme wa betri usiozimwa, nyeupe ni wa ufunguo, kijani ni wa ufunguo uliopita kwenye fyuzi, zambarau ni wa betri uliopita kwenye fyuzi, nyeusi ni athi, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi. Aliyekata kijani na kuunga nyekundu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Kabla ya kugusa chochote, jua betri imefungwa vipi. MGB za hadi mwishoni mwa 1967 zina athi ya chanya: waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Chaja ya simu au redio ya kisasa yenye bodi ya chuma itaungua humo papo hapo. Ukiomba kustuliwa na Probox, unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, usitumie bodi, na usiache bampa za magari mawili ziguse.

Ugonjwa mkubwa wa pwani uko kwenye viungio. Waya mbili hukutana ndani ya kijibomba cha mpira, kila mmoja na kichwa cha shaba mfano wa risasi ya bunduki. Chumvi huingia, shaba huota kijani, taa hufifia. Vuta kila kichwa kwa koleo ukishika shaba, si waya. Sugua kwa msasa laini hadi ing'ae, paka mafuta ya mgando kidogo, yale yale ya dukani, rudisha hadi usikie "tik". Viungio vingi vimejazana mbele ya rejeta na ndani ya buti. Ni jioni mbili za kazi, na zitamaliza nusu ya matatizo ambayo ungenunulia altaneta mpya. Kisha safisha athi: mkanda mzito unaounganisha injini na bodi, na nyaya nyeusi za taa. Athi mbovu hujitambulisha kwa kichekesho: unawasha indiketa, na taa za breki zinapepesa.

Fyuzi zina mtego. Ile ya asili imeandikwa 35A, lakini hiyo ni ya kulipuka; ya kubeba daima ni ampea 17. Fyuzi ya kioo inayouzwa leo ikiandikwa 35A hubeba 35 daima, na waya utaungua kabla yake. Tia ya ampea 15 au 17. Taa kubwa za mbele hazina fyuzi kabisa kwenye waya wa asili, na umeme wake wote hupita kwenye swichi ya zamani. Weka rilei mbili na fyuzi zake, taa zitang'aa na swichi itaishi.

Pampu ya petroli iko nyuma kulia, karibu na betri. Washa ufunguo bila kupiga stata na usikilize: tik-tik-tik ya haraka, kisha kimya kabureta zikijaa. Isipotoa sauti, igonge taratibu kwa mpini wa spana. Ikiamka, pointi zake zimeota masizi, zisafishe wiki hiyohiyo. Ikigonga bila kukoma, tanki ni tupu au inavuta hewa. Ikigonga mara moja moja gari likiwa limesimama, sindano ya bakuli la kabureta haifungi. Nusa kabla ya kuwasha kiberiti popote karibu.

Pointi za distributa ziwe milimita 0.38, plagi za NGK BP6ES ziwe 0.64. Rota inayouzwa siku hizi yenye ribeti ndefu katikati hupitisha cheche hadi kwenye shafti na gari huzima likiwa moto. Agiza ile nyekundu isiyo na ribeti, na weka moja ya akiba, pamoja na kondensa.

Kabureta mbili za SU

Zisiguswe hadi tapeti, pointi na taiming ziwe sawa. Makosa mengi ya "kabureta" ni ya moto wa plagi. Juu ya kila moja fungua kofia ndogo na uongeze 20W-50 hadi ifike sentimita moja na kidogo juu ya shina la pistoni. Pakikauka, gari hukohoa ukikanyaga ghafla.

Kuzisawazisha huhitaji kipande cha mpira cha nusu mita. Legeza klipu zinazounganisha kabureta mbili, injini ikiwa moto, ikizunguka mara 800 kwa dakika. Weka ncha ya mpira sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kila kabureta. Zungusha skrubu za mwendo hadi mlio wa upepo ufanane. Kwa mchanganyiko, kwenye kabureta za aina ya HS4, anza na nati ya chini ikiwa imeshuka mizunguko miwili kutoka juu kabisa. Inua pistoni milimita moja kwa kile kipini cha chini. Injini ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikishuka na kutaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo tu kisha ikatulia, acha hapo. Kaza klipu na upime mlio tena.

Barabarani

Matairi ni 165 inchi 14, upepo psi 21 mbele na 24 nyuma. Kijana wa pampu ataweka 35 kwa mazoea. Simama hapo hapo umwangalie, kwani kwa 35 gari litarukaruka kama mpira kwenye kila kiraka. Kataa tairi za pikapu za mizigo hata kama saizi inalingana.

Kama magurudumu ni ya spoku, nati ya katikati ya upande wa kushoto hufunguka kinyume cha saa, ya kulia hufunguka kwa mwendo wa saa. Mshale umeandikwa juu yake. Ikibadilishwa upande, hujifungua yenyewe ukiendesha. Paka grisi meno ya habu kila unapotoa gurudumu, gonga kwa nyundo ya shaba, na kaza tena baada ya kilomita 50.

Ekzosi ndiyo kitu cha chini kabisa. Matuta ya Watamu na Mtwapa yapande kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, polepole mno kuliko bodaboda watakavyopenda. Kwenye mwendo wazi kati ya Gede na Kilifi tumia overdraivu: kwa kilomita 90 kwa saa injini hushuka kutoka mizunguko 3,100 hivi hadi 2,500. Spidomita ya maili isikutie mashakani: 30 ni 48, 50 ni 80, 60 ni 96.

Mafuta ya breki, DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina mwingi. Yabadilishe kila mwaka, ya klachi pamoja; yakiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Chupa iliyofunguliwa usiiweke akiba kwa ajili ya mwakani.

Ukirejea nyumbani, acha boneti wazi nusu saa kabla ya kufunika. Tandika karatasi chini ya injini. Asubuhi, tone la ukubwa wa shilingi ishirini ni kawaida ya injini hii, ambayo nyuma haina sili ya maana kwenye magari ya mwanzo. Likifika ukubwa wa kisahani cha kikombe, pima oili kabla ya kuwasha, kisha anza na gasketi ya kava ya tapeti. Nati zake mbili zikazwe kwa mkono mwepesi tu: futi-pauni 4. Aliyezikaza zaidi ya hapo ndiye aliyeipinda kava na kuanzisha uvujaji.